Kichuguu cha Mashariki

Jumatatu, 3 Juni 1968

Umande mzito. Kaderno, daftari la mashimo tunamoficha vitu vya wapiganaji, limepata unyevu tena. Nimelianika juani kabla ya chai. Chai bila sukari.

Wabebaji wa kundi la Matias wamefika asubuhi na namba waliyotumwa, nne. Nimefungua ukurasa wao, nimewaelekeza shimo la dawa, wakaenda. Baada yao akina mama wa chumvi, nao namba nne. Nne yao ni shimo jingine kabisa, kwenye mkwaju. Kila kundi lina ukurasa wake. Namba zinafanana, mahali hapafanani. Tropa, askari wa Wareno, wakimkamata mbebaji wakampiga, atataja nne. Nne ya nani? Wapi? Linajua kaderno, na mimi ninayelitunza.

Mchana shimo la dawa limehamishwa, maji yaliingia. Nimefuta mstari, nimeandika mpya: kichuguu kikubwa, mashariki ya kijito. Jina la kijito siliandiki hapa. Wabebaji hawana haja ya kuambiwa mpaka watakapotumwa. Kwao itabaki nne.

Kichwa kinauma.

Alhamisi, 6 Juni

Homa. Baridi mpaka kwenye meno. Dada Atija amenichukua kibandani kwake. Mkono hauandiki.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimesimama. Siku sita Atija ameniuguza. Ameniosha, amenilisha uji kwa kijiko kama mtoto.

Kaderno alikaa nalo yeye, ndani ya kapulana, kanga yake ya kiunoni. Sheria inakataza. Halitoki mkononi mwangu hata kwa dakika. Kamarada Faustino, mkuu wa kambi, alikuwa safarini. Amerudi, sijamwambia. Atija ni kama ndugu kwangu. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa mkaa juu ya ubao. Binti yake Amina yuko Awasse, ndani ya kijiji kilichozungushiwa waya, tangu tropa walipowatoa watu mashambani mwaka jana wakawafungia humo. Hana hata miaka kumi. Atija hasemi habari hiyo. Alfajiri ameondoka kwenda pwani kwa mjomba wake, kuleta samaki mkavu.

Matias alikuja kutaka dawa. Nikamsomea mstari. Saa mbili baadaye amerudi amekasirika.

"Bibi Zuhura, kule hamna kitu! Tumekizunguka kichuguu mpaka tumechoka. Mtu wetu mguu unaoza."

Nimekwenda nao mwenyewe. Shimo liko magharibi ya kijito, kwenye kichuguu cha pili. Niliandika mashariki. Homa ilikuwa imeshaanza siku ile. Nimefuta, nimesahihisha. Matias ameondoka bila kuniaga.

Aibu.

Jumatatu, 17 Juni

Tropa wamepiga asubuhi. Shimo la chumvi. Shimo la mahindi. Shimo la nguo. Matatu kwa siku moja. Walikuja moja kwa moja, hawakutafuta.

Matias alikuwa kwenye mahindi na wenzake wawili. Wenzake walikimbia wakapona. Yeye ameletwa kwa machela. Mke wake, Tereza, amemfunika kwa kapulana yake mwenyewe, akabaki na kipande kiunoni.

Faustino anasema kuna mbebaji amekamatwa, akatoa siri. Nimemjibu hakuna aliyepotea. Tena mashimo yale yako kurasa tatu tofauti. Hakuna mbebaji anayeyajua yote matatu.

Watu wameniangalia. Najua walichokuwa wakifikiri: anayeyajua yote ni mimi.

Jumanne, 18 Juni

Tumemzika Matias. Sikupewa mkono na mtu. Atija peke yake alisimama karibu nami. Alirudi juzi na samaki.

Jumatano, 19 Juni

Wapelelezi wetu wamerudi. Siku ile tropa walichimba na mahali pa nne: kwenye kichuguu, mashariki ya kijito. Wamechimba kina cha mtu mzima. Hawakupata hata kopo. Watu wamecheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mimi nimekaa chini.

Pale hapajawahi kuwa na kitu. Palikuwa kwenye kaderno langu tu, tangu Jumatatu nilipokosea mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata niliposahihisha. Kundi la Matias walipaona pakiwa patupu, wao wasingewatuma tropa huko. Aliyesema, alisoma. Alisoma mimi nikiwa nimelala na homa.

Nimejaribu kumtafuta mtu mwingine kichwani mwangu. Nimetafuta mchana kutwa. Hayupo.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemkuta Atija kijitoni anafua.

"Dada, ulisoma kaderno?"

Hakuinua kichwa. Alikamua nguo, akaiweka juu ya jiwe.

"Walisema watamtoa Amina."

"Nani?"

"Sipai mmoja, askari mweusi wa Wareno, hununua samaki kwa mjomba. Alisema watachukua vitu tu. Watu hawataguswa."

"Wamemtoa?"

Akatikisa kichwa.

"Na Matias?"

Hapo akalia. Mimi sikulia. Nimemwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungefanya nini, Zuhura? Chumvi ina mahali kwenye kaderno lako. Mwanangu hana."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika. Nimemchukia kwa yote mawili.

Ameniomba nimwache mpaka kesho. Atakwenda kwa Faustino mwenyewe, kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake. Ameapa kwa Mungu. Nimekubali.

Ijumaa, 21 Juni

Kibanda kitupu. Hakwenda kwa Faustino. Nyayo zinaelekea Awasse.

Mara mbili. Nimemwamini mtu mmoja, mara mbili. Na mara ya pili nilikuwa mzima, sina homa.

Nimemweleza Faustino yote, ya kaderno na ya jana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua wengine wameuawa kwa makosa madogo kuliko hili?"

"Najua, kamarada."

Akanyoosha mkono. Nimempa kaderno. Amelitia motoni mbele yangu. Kambi nzima imehamisha mashimo, hata wazee, hata wenye vidonda. Mikono yangu imechubuka.

Kwa Tereza nimekwenda mwenyewe. Nimemwambia mume wake amekufa kwa sababu nilimwamini mtu. Ametema mate chini, akaingia ndani.

Jumanne, 9 Julai

Hawakuniua. Sasa mimi ni mbebaji, kundi la akina mama wa chumvi. Kaderno jipya analo mtu aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Leo ametuelekeza namba mbili. Namba mbili za wengine ziko wapi, sijui. Sijauliza.

Juzi amefika mwanamke aliyetoroka Awasse. Amemwona Atija ndani ya waya. Amina yuko naye. Wanalima shamba la sipai, mama na mwana. Wako hai. Nimeisikia habari, nikaenda kuchota maji. Sikufurahi. Wala sikumwombea mabaya. Hasira ipo, haijapungua.

Tereza yuko kundi hili hili. Hatusemeshani. Leo alitangulia. Kwenye mlima mzigo wangu ulilegea, chumvi ikaanza kuniteleza kichwani, nami mikono yote miwili imeshika mizizi ya kupandia. Akasimama. Akarudi. Akauweka sawa, akakaza kamba, akageuka akaendelea na njia.

Tumefika jua bado liko juu.