Nilimtunga Mwanzilishi wa Mji Wetu, Sasa Sina Ruhusa ya Kumfuta

Mpendwa Doña Betsabé,

Nisaidie, katika safu yako ya ushauri gazetini, kuamua jambo moja kabla sijafa, na ninaposema kabla sijafa sitafuti huruma yako, maana daktari wa moyo kule Bucaramanga ameniambia kwa upole kwamba nisianze kusoma kitabu kirefu, nami nina umri wa miaka themanini na nne na nimefundisha historia na sarufi kwa miaka thelathini na minane, kwa hiyo namtambua mtu anayekwepa kutaja tarehe. Mji wangu sitautaja, jina langu naomba ulifiche, na jirani yangu nitamwita Hermelinda ingawa si jina lake.

Tangu nistaafu nimekuwa mhariri wa ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo kila mtu huisoma na yeyote anaweza kuiandika, na kwa miaka kumi na sita nilikuwa msimamizi wake, yaani mmoja wa wale wachache wenye uwezo wa kufuta ukurasa, kufunga makala inayogombaniwa na kumzuia mtu asiandike tena, kazi isiyo na mshahara ambayo niliipa moyo wangu kuliko nilivyowahi kumpa marehemu mke wangu, Mungu anisamehe. Kurasa nyingi za kanuni niliziandika mimi: kwamba mhariri asiegemee upande, kwamba kila kauli iwe na chanzo kilichochapishwa, kwamba mtu asilete utafiti wake mwenyewe, kwamba asiandike habari za jamaa zake, na kwamba kila mmoja amdhanie mwenzake nia njema. Huko najulikana kama Mlinzi wa Kweli. Jina hilo nilijichagulia mwenyewe.

Sasa dhambi yangu. Mwaka 2008 makala ya mji wetu ilikuwa na sentensi tatu, moja ya mwinuko, moja ya idadi ya watu, na ya tatu ikasema tunajulikana kwa mbuzi, wakati makala ya mji jirani ilikuwa ndefu kama ibada ya Ijumaa Kuu na ina picha ya kanisa, nami siku hiyo nilikuwa nimetoka kubishana na mwalimu mstaafu wa huko, basi baada ya chakula cha mchana nikaketi nikaandika kwamba mji wetu ulianzishwa mwaka 1781 na Kapteni Baltasar de Oyarzábal, ambaye buti lake la kushoto lilinaswa kwenye tope la kijito, akaapa kujenga kanisa pale mguu wake utakapokauka. Kapteni huyo hakuwahi kuwapo. Nilimtoa kichwani, pamoja na tope lake. Nilikusudia kumfuta kesho yake, lakini kesho yake nilimsoma tena nikamwona amependeza.

Mhariri mmoja wa doria, wale wanaopitia maandishi mapya, aliweka mbele ya sentensi yangu ile alama ya kusema chanzo kinahitajika, nami niliiheshimu, Doña Betsabé, niliiacha pale miezi mitatu, mpaka gazeti dogo la mkoa likachapa habari za miji ya milimani na kumnakili Kapteni wangu neno kwa neno, hapo nikaliweka gazeti hilo kuwa chanzo na alama nikaiondoa kwa mujibu wa kanuni. Uongo wangu ukawa umethibitishwa na mtu aliyeunakili kwangu. Baadaye kikaja kitabu cha shule, kisha meya, kisha sanamu ya shaba uwanjani yenye mguu mmoja peku, na sasa kila tarehe tatu Septemba watoto wa shule hupiga gwaride wakiwa na kiatu kimoja, wanawake wa sokoni huuza peremende za mapera zenye umbo la buti, na zahanati siku hiyo haina kazi nyingine ila kufunga nyayo za kushoto.

Yote hayo ningeyabeba mpaka kaburini bila kukusumbua, kama si Hermelinda. Yeye ana kibanda cha nyama ya mbuzi sokoni, na mwaka 2013 alijifungulia akaunti akaandika katika makala ile kwamba mji ulianza kwenye nyumba ya wageni ya Tránsito, bibi wa mababu zake, mwanamke mweusi aliyejinunulia uhuru wake kwa kuwafulia na kuwapikia wachunga nyumbu, na kwamba kitabu cha ubatizo cha parokia kinaitaja nyumba ya Tránsito miaka arobaini kabla ya 1781. Nilikwenda parokiani nikakisoma kitabu hicho. Ni kweli kimeitaja. Nilirudi nyumbani nikafuta maneno yake, nikaandika sababu: masimulizi ya ukoo, si chanzo.

Alirudisha, nikafuta, akarudisha tena, na siku ya nne akaja mlangoni kwangu na aproni yake ya kazi ikiwa bado na damu ya mbuzi.

"Profe," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita mwalimu huku, "kuna mtu kwenye kompyuta ananifutia. Anajiita Mlinzi wa Kweli. Humjui?"

"Huko ni watu wengi, bibi."

"Huyu hana mama?"

"Mdhanie nia njema," nikamwambia. "Ni kanuni."

"Nia njema namna gani, profe? Namwambia bibi yangu alikuwapo, ananiambia nilete karatasi. Nikamwambia karatasi iko kwa padre, ananiambia kuisoma mwenyewe ni utafiti. Sasa nani aisome, mbuzi?"

Nikamkaribisha kahawa, nikamsaidia kutunga malalamiko yenye adabu, nikamsahihishia nukta na mkato, naye akaondoka akinishukuru, akayatuma, nami nikayapokea upande wa pili na kuyakataa. Kisha, ili haki ionekane, niliitisha mjadala wa wahariri na kura ikapigwa, na wote wanne waliopiga kura walikubaliana kwamba mwanamke huyu azuiwe moja kwa moja kwa kuwa ana undugu na mtu anayemwandika. Wote wanne walikuwa mimi. Nilikuwa na akaunti tatu za ziada, mmoja wao nikamfanya daktari wa mifugo. Na angalia, Doña Betsabé, jinsi kanuni zangu zilivyokuwa safi: yeye alikuwa na bibi wa kweli, kwa hiyo ana maslahi, nami sikuwa na undugu wowote na Kapteni, kwa hiyo sina upande.

Sasa Hermelinda ndiye anayeniuguza. Watoto wangu wako Uhispania, miguu yangu imevimba, na kila siku yeye huniletea mute, supu yetu ya mahindi na utumbo, ambayo daktari ameikataza na yeye amemkataa daktari. Siku moja akaniambia, "Kula, profe, usije ukafa Septemba ukawaharibia watu wa buti gwaride lao." Akacheka, kisha akasema, "Mama yangu alikufa akiniuliza kama wameshamwandika Tránsito. Nikamdanganya. Nikamwambia wamemwandika ukurasa mzima."

Ndipo mwezi wa sita nikaamua kurekebisha. Nilimfuta Kapteni. Baada ya dakika nne alirudi, amerudishwa na msimamizi aitwaye Paloma, daktari wa meno kule Chile, ambaye kazi hii nilimfundisha mimi, na mazungumzo yetu nayanakili hapa.

"Tafadhali usiondoe habari zenye vyanzo."

"Kapteni nilimtunga mimi."

"Una chanzo cha hilo?"

"Chanzo ni mimi."

"Kumbukumbu ya mtu si chanzo. Soma ukurasa wa kanuni."

"Ukurasa huo niliuandika mimi, Paloma."

"Basi unaujua."

Nilimfuta mara ya pili, nikazuiwa siku tatu kwa uharibifu, ukaitishwa mjadala juu ya usimamizi wangu, nikavuliwa cheo kwa kura tisa dhidi ya moja, kwa kuwa safari hii nilipiga kura yangu peke yake, na mtu mmoja mwema akanishauri nipumzike kidogo kwa kuhariri makala za mimea. Kapteni ana vyanzo kumi na vinane. Mimi sina hata kimoja.

Kwa hiyo nakuuliza: nimwambie Hermelinda, ilhali nikisema hakuna herufi itakayobadilika na mtu wa mwisho anayefungua mlango wangu hatarudi, au ninyamaze nife, nimwachie angalau jirani aliyempenda? Naogopa kufa peke yangu, na naogopa zaidi kufa nimeshikwa mkono na mtu asiyenijua.

Wako,
Mzee Asiye na Chanzo

JIBU LA DOÑA BETSABÉ

Profe,

Pole kwa moyo na kwa miguu. Nasema pole mapema kwa sababu huko mbele sitapata nafasi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu nyekundu, kama ulivyokuwa ukiwafanyia wanafunzi. Umenieleza kanuni za ensaiklopidia vizuri sana, hata mimi ningeweza kufanya mtihani. Neno la kuomba msamaha nimelitafuta, nimelipata mara moja, karibu na jina la Mungu, na lilihusu mke wako. Hermelinda hukumwomba. Ulimpa kahawa na nukta na mkato.

Unalia kwamba wahariri hawakukuamini. Na wakuamini kwa nini? Kwa miaka kumi na sita uliwafundisha wasimsikilize mtu mwenye ukweli mkononi mpaka mgeni auchape kwanza. Yule daktari wa meno ni mwanafunzi wako bora kuliko wote. Usimkasirikie, mpe alama zake. Na usizilaumu kanuni, maana ni kanuni nzuri, hata mimi gazetini ningependa kuwa nazo. Kanuni inayomtaka mtu alete chanzo haikukwambia umnyamazishe mwanamke aliyekileta. Hilo ulilifanya wewe, pamoja na wenzako watatu, daktari wako wa mifugo akiwamo.

Tena mimi si mjinga. Mtu aliyesoma kama wewe haandiki kwa mshauri wa gazeti kwa kukosa wa kuzungumza naye, na jirani anakuja kila siku. Ulitaka nichape barua hii ili iwe chanzo cha kumi na tisa, kimwangushe Kapteni, wewe ukiwa umejifunika shuka hadi kidevuni na jina lako nimekufichia. Haitafaa. Barua isiyo na jina, kwa kanuni zako mwenyewe, ni uvumi. Naichapa, lakini haina uzito wowote.

Unaniuliza umwambie au unyamaze. Unasema ukinyamaza utamwachia jirani aliyempenda. Huyo jirani naye ulimtunga, profe, baada ya chakula cha mchana, kama ulivyomtunga yule mwingine. Mwanamke huyu alimdanganya mama yake aliyekuwa akifa kwa sababu yako, na bado hajui kwamba sababu ni wewe. Mzigo huo ameubeba miaka mingapi? Wewe umebaki na wiki chache tu za kuubeba wako.

Basi fanya hivi. Mwite aketi, na usianze na mwaka 2008 wala na mji jirani. Anza na sentensi hii: Mlinzi wa Kweli ni mimi. Kisha nyamaza. Atakalosema alimalize, hata likimhusu mama yako. Usimtajie nia njema. Usimwambie unakufa, analijua, ndiye anayekuinua. Akiondoka, mwache aondoke.

Halafu mwite mthibitishaji wa hati za kiapo aje nyumbani, mgonjwa huwa wanamfuata, umwapie yote: Kapteni, buti, akaunti tatu, na siku uliyokisoma kitabu cha parokia ukakificha. Weka jina lako kamili na namba ya kitambulisho. Hati hiyo usimpelekee Paloma. Mpe Hermelinda mkononi, iwe yake. Akitaka kuipeleka kwa meya, kwa padre, kwa chuo kikuu au kuifungia nyama, ni juu yake. Umemwamulia vya kutosha. Mimi nikiipata hati yenye jina nitaichapa, lakini nitaipokea kutoka kwake tu, si kwako.

Huenda akaacha kuja. Ikiwa hivyo, parokia ina akina mama wanaotembelea wagonjwa, waombe, wala usiwalalamikie. Na huenda akaja tena. Hilo hata mimi silijui, na sitaandika nisichokijua.

Jambo la mwisho. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, kana kwamba Kolombia nzima ina miji miwili yenye sanamu ya mtu wa buti moja. Gazeti hili hupanda milimani kwa basi la saa nne asubuhi, na hadi saa sita soko lenu lote litakuwa limekwisha kulisoma. Kwa hiyo nimefanya jambo nisilomfanyia msomaji yeyote: jibu hili nimekutumia nyumbani siku moja kabla ya kuchapwa. Una jioni hii na asubuhi ya kesho. Usizitumie kuhariri.

Betsabé