Mapazia ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Kwako kaka yangu, mchomeleaji mkuu wa mabomba ya jangwani,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko huo mchanga unaosema unaukuta mpaka ndani ya soksi. Hujambo? Kifua kilichokuwa kinakubana kimeachia? Na yule mwenzako wa kitanda cha juu, bado anakoroma kama jenereta, au Mungu amewasikia? Sisi huku wazima. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomkumbusha umri wake asubuhi za baridi. Mimi usiniulize. Nazidi kupendeza, mpaka kioo cha lifti kimenizoea.

Barua hii anakuletea mwenzako, dereva wa kreni, anayerudi kazini kutoka likizo. Nimemwapisha akukabidhi mkononi kabla hujaweka sahihi kwenye ule mkataba wa miaka miwili mingine. Mwandiko usiucheke. Mkono huu haujashika kalamu tangu mimi na shule tuachane, na mpaka leo tunabishana nani alimwacha mwenzake.

Uliniambia nikuandikie faida na hasara za kukaa kwenye hiyo fleti yako, zote, bila kuficha, ili ujue kama miaka miwili mingine ya kuunguza macho ina maana. Ukasema niandike kama mwanaume. Haya, vuta kiti.

Naanza na faida, maana hizo ndizo zangu. Kuna maji ya moto. Unafungua bomba, yanakuja, hayana maringo. Siku ya kwanza nilioga mara tatu, nilipokwenda ya nne Mama akaniuliza kama nimeua mtu. Umeme ukikatika mtaa mzima unazama gizani, sisi tunahesabu moja, mbili, tatu, jenereta inaitika. Mbu hawafiki; nadhani kwenye ghorofa ya sita pumzi zinawaishia. Mvua naiona ikija kabla haijawafikia walioanika nguo huko chini, na ningekuwa na moyo mzuri ningewapigia kelele. Jengo lenyewe ni la watu wachache, fleti mbili tu kila ghorofa, na pale chini mlangoni kuna maua mabichi yanayobadilishwa kila Jumatatu, na kochi ambalo sijawahi kuona mtu amelikalia. Mlinzi, mzee mmoja mkakamavu ninayemwita Sajenti, ananipigia saluti. Mimi! Mimi ambaye mwalimu wa hesabu alisema nitafika mbali endapo tu nitapotea njia. Kule karakana ninakojifunza ufundi wa friji wenzangu wananiita Bwana Ghorofa. Nawakataza, lakini kwa sauti ya chini.

Sasa hasara. Lifti ikigoma, kutoka chini mpaka kwako ni ngazi mia mbili na ishirini. Nimezihesabu, na ile ya mia na themanini ina laana yake. Bwawa la kuogelea lipo, ila lina masharti mengi kuliko maji. Na kuna ukimya, Kaka. Ukimya wa huku si wa kupumzika, ni wa kusubiri matokeo ya mtihani. Unakohoa, halafu unajisikia kama umeomba radhi.

Wiki ya kwanza Mama aliona haiwezekani mtu ahamie mahali asijulikane na jirani. Akapika, akafunika sahani, akavuka ukumbi akagonga mlango wa pili, kwa mama mmoja daktari wa meno aliyestaafu, anayekaa peke yake. Daktari akafungua mlango ukiwa bado na mnyororo, akaitazama sahani, akasema yeye hakuagiza chakula. Mama akamjibu kwamba hakijaagizwa, kimeletwa tu. Wakatazamana hapo kama watu wawili wasiojua lugha moja. Baadaye mnyororo ukafunguliwa, na Daktari akasema amekaa pale miaka minne na mlango wake haujawahi kugongwa na mtu asiyeleta bili. Tangu siku hiyo ni marafiki. Amenikagua mpaka magego, bure, akaniambia mdomo wangu ni mzuri ila unatumika kupita kiasi.

Halafu mambo ya cherehani. Unakumbuka ulivyosema Mama asishone tena, apumzike. Kaka, wewe umesafiri lakini Mama yako humjui. Nililipandisha lile cherehani la miguu kwenye lifti kwa vipande viwili, likakaa karibu na dirisha, na wateja wake wakaanza kuja. Au tuseme wakaanza kujaribu. Pale mlangoni kwa Sajenti lazima uandike jina, utoe kitambulisho, useme unakwenda kwa nani kufanya nini, kisha usubiri simu ijibiwe juu. Mama alikuwa akikanyaga cherehani hasikii simu. Wateja wakarudi. Mmoja, yule mama wa sare za shule anayempa Mama kazi tangu mimi sijazaliwa, akaelekezwa apande lifti ya nyuma, ile inayobeba mapipa ya taka. Mama alipopata habari alishuka mwenyewe na utepe shingoni, akampima palepale kwenye maegesho, kiuno na mabega, katikati ya magari mawili yanayong'aa. Nilisimama pembeni nikiandika vipimo. Mama alikuwa anacheka na mteja wake. Akaendelea kucheka mpaka lifti ilipofunga mlango, hapo akavua utepe shingoni, akaukunja na kuukunjua ghorofa zote kumi na moja.

Na mapazia, maana hilo ndilo lililomaliza kazi. Unayajua madirisha yako, kioo tangu sakafuni mpaka darini. Mama akisogea karibu anashika ukuta. Akasema nyumba bila pazia ni kama mtu aliyesahau kuvaa. Akaenda kuchagua kitambaa mwenyewe, cha buluu chenye maua ya manjano makubwa kama sahani, akashona siku nane. Mapazia sita, marefu, pindo mbilimbili, sijaona kazi ya namna ile. Alisema ni zawadi yako, utakaporudi uyakute. Mimi ndiye niliyepanda ngazi kuyatundika. Nikashuka mpaka barabarani kutazama. Jengo zima limevaa suti ya kijivu, halafu huko juu sisi tunatabasamu! Nilijivuna, nikamwonyesha mpita njia nisiyemjua.

Siku ya tatu ikaja barua ya uongozi wa jengo. Ina adabu mpaka inatia hasira. Ilisema mapazia yote yanayoelekea barabarani yawe meupe, ili jengo liwe na sura moja, na kwamba wakazi wa ghorofa ya kumi wanasikia mashine, na kazi za biashara haziruhusiwi. Sitawasingizia, Kaka, hata Daktari alinionyesha kwamba sheria hizo zimo kwenye karatasi ulizosaini wewe. Ni kwamba wewe ulisaini ukiwa jangwani, na mimi niliyepewa nakala nilisoma ukurasa wenye picha ya bwawa. Kosa hilo nalichukua. Mama alinisomesha barua mara mbili. Kisha akaniomba nipande ngazi tena. Akayapokea mapazia moja moja, akayakunja kama anayekunja nguo za mtoto aliyesafiri.

Sasa ndugu yangu, weka chini hicho kikombe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika ukingoni.

Mama hakai kwenye fleti yako. Alikaa wiki sita. Kesho yake baada ya ile barua alirudi nyumbani, kwenye nyumba ya marehemu baba, na cherehani lake na mapazia yake. Hakugombana na mtu. Aliniambia kwamba mwanawe amemnunulia mbingu, naye anashukuru usiku na mchana, ila yeye bado hajafa.

Utaniuliza, je, zile simu za Jumapili? Ndiyo, hapo. Jumapili kumi na nne, Kaka. Mama anakuja saa tisa na nusu, anavua viatu vya safari, anavaa ndala zinazokaa nyuma ya mlango. Ndicho kitu chake pekee kinachoishi hapa. Anaketi kwenye kochi, mgongo kwa dirisha ili asione chini. Mimi nawasha birika la umeme ili usikie nyumba ina watu. Saa kumi unapiga, unamwona, unasema amenawiri. Mkimaliza anabaki ameketi kidogo na simu mapajani, halafu anavaa viatu. Siku ulipouliza mbona cherehani halisikiki tena nikakudanganya liko kwa fundi, yeye alitazama pembeni. Sajenti, anayemfungulia Mama mlango kila Jumapili, anajua. Daktari naye anajua, na kila Jumamosi anakwenda kwa Mama na kitambaa kipya, ingawa nguo alizonazo zinatosha kuvalisha kwaya.

Mama alinifunga mdomo kwa sababu ya neno ulilosema siku ulipopata funguo. Ulisema hata ukifia huko, umeshamtoa Mama chini ya bati linalovuja. Alisema hawezi kumnyang'anya mtoto wake neno kama hilo. Lakini mimi usinipe sifa za utii. Nilinyamaza pia kwa ajili ya maji ya moto na saluti. Nilijua siku ukijua, Bwana Ghorofa anarudi kulala kwenye kile chumba chenye mlango usiofungika. Ndizo hasara na faida zangu, nimezipima peke yangu miezi mitatu na nusu, na kila mara mizani niliikalia mimi.

Kilichonishinda ni mkataba. Uliposema unasaini miaka miwili mingine ili kumaliza deni la fleti, Mama aliitikia vizuri kwenye simu. Simu ilipokatika akaniuliza miaka miwili ina Jumapili ngapi. Mimi na hesabu unatujua, lakini nilimpa jibu. Hakuvaa viatu mpaka giza likaingia.

Sasa nikwambie habari njema, nazo ni za kweli. Bati halivuji. Nilipanda paa mwenyewe, nikabadilisha mabati manne juu ya cherehani, na mvua tatu zimepita bila tone. Sikukwambia, kwa kuwa ningekwambiaje? Na Daktari ana mpwa wake, mtu wa vitabu anayependa ukimya, anaitaka fleti aipange. Anasema kodi yake itaweza kumalizia deni lililobaki bila wewe kubaki huko. Uamuzi ni wako. Mimi nimeshaanza kufungasha, nguo zangu zimejaa kwenye mfuko mmoja, na nusu yake ni taulo.

Nina ombi moja tu. Jumapili hii usipige. Piga Jumamosi asubuhi, simu ya Mama, bila kutoa taarifa. Utasikia cherehani, utasikia watu watatu wakiongea kwa pamoja, na nyuma ya kichwa chake utayaona mapazia. Ameyatundika kwenye vile vidirisha vyetu vidogo, marefu vilevile. Yanaanguka mpaka sakafuni, yanalala chini kama mikia, kila anayeingia anayaruka. Nimemwambia mara kumi ayapunguze. Fundi mzima, mkasi uko mezani. Anasema akiyakata ndiyo amekwambia harudi tena juu, na neno hilo hawezi kulianza yeye.

Basi lianze wewe. Usimsemeshe mengi, atalia na kazi za watu zitalowa. Mwambie tu: Mama, kata.

Msalimie mwenzako wa kitanda cha juu. Daktari anakusalimu, anauliza kama unapiga mswaki huko mchangani. Sajenti anasema saluti yako iko palepale. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake nazikuletea bila ruhusa, nazo ni zilezile za siku zote: kula, lala, rudi.

Ukija kunichapa, tumia mkono usiochomelea.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Ghorofa mstaafu