Herufi Kumi na Moja za Ardis Tvedt

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotuacha, theluji ikiwa imefika madirishani na Baba akikataza katakata mtu yeyote asiondoe miwani yako mezani. Bado ipo. Lakini leo hatukuja kulia. Tuna habari, na wewe hukupenda habari icheleweshwe.

Waliokujua pale Chuo cha Stavig wanamkumbuka naibu mkurugenzi wa michezo aliyesimamia timu za wasichana miaka ishirini na tisa, akafua jezi zao kwa mashine ya nyumbani kwake, akawapeleka mechi za mbali kwa gari la familia. Sisi tunakumbuka taipureta. Kila jambo lazima lichapwe, nakala mbili, karatasi ya kaboni katikati. Hata zamu ya kukata nyasi ulimchapia Baba.

"Wewe Ardis, unaniandikia barua na mimi niko hapa hapa jikoni?"

"Ndiyo. Usije ukasema hukuambiwa."

Mwaka 1974 mkubwa wako, Bwana Kettleson, alisema kwa dhihaka kwamba wasichana wako wa mpira wa kikapu wakichukua ubingwa wa jimbo, nao watapewa herufi, ile S kubwa ya kitambaa, heshima ya chuo kwa wachezaji wake, ambayo wavulana walikuwa wakishonewa kifuani mwa makoti yao. Ukakimbia kuchapa maneno yake, ukarudi, ukamwambia atie sahihi nakala zote mbili. Akatia huku anacheka.

Wakachukua ubingwa, kwa pointi moja! Kettleson akasema hakumbuki kuahidi kitu. Nakala ya ofisini haikuonekana tena, na ulipokwenda kuchukua yako, nayo haikuwepo. Wewe, ambaye hukuwahi kupoteza hata kifungo cha shati! Ulipekua nyumba hii mpaka ukazeeka. Kila mkurugenzi mpya alijibu vilevile: hakuna karatasi, hakuna herufi.

Nahodha wao, Marlys Opdahl, hakukulaumu hata siku moja. Kila Krismasi alileta biskuti zake. Ila koti la sufu alilonunua wiki ile ya ushindi lilikaa kabatini miaka hamsini, kifua kitupu. Siku zako za mwisho hospitalini ulimshika mkono.

"Niliwaangusha, Marlys."

"Acha maneno hayo, Bi Ardis. Kunywa supu yako."

Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote, Mama, kwamba uliondoka ukiamini kosa ni lako.

Theluji ilipoyeyuka, maktaba ya chuo iliomba karatasi zako. Yalikuwa masanduku arobaini na matatu. Mtunza nyaraka wao, Joyce Amundson, alikuja na gari kuyachukua, na Baba akasimama mlangoni amekumbatia sanduku la mwisho.

"Hili la mambo ya jikoni kanisani liache. Chuo kitafanyia nini viazi?"

"Nipe yote, Mzee Orville. Mkeo hakutupa kitu, na mimi sitatupa."

Mwezi wa Juni Joyce akanipigia simu. "Solveig, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa."

Alikuwa ameshika orodha yako ya chakula cha jioni kanisani: Bi Hagen alete viazi vya kuoka, Bi Lund saladi, kahawa vibirika vitatu. Kwa mazoea ya kazi yake akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na ahadi ya Kettleson, neno kwa neno, na sahihi yake ya wino wa bluu.

Mama, hukuipoteza. Uliiandikia viazi! Hukuweza kuona upande mmoja wa karatasi ukiwa mweupe bila kuujaza, ukaipanga pamoja na mambo ya kanisa, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutafuta, hata wewe mwenyewe.

Safari hii chuo kilikubali kutoa herufi. Januari, wakati wa mapumziko ya mechi ya wasichana, wanawake tisa wa timu ile waliingia uwanjani. Herufi za wawili waliotangulia zilipokewa na binti zao. Rais wa chuo akasoma ahadi kwa kipaza sauti, na alipomaliza Baba akapaza sauti kutoka safu ya tatu, "Geuza! Soma na upande wa pili!"

Akageuza, akasoma. Alipofika kwenye viazi, Bi Hagen, mwenye miaka tisini na mmoja, alisimama na fimbo yake akapunga mkono, na ukumbi mzima ukasimama naye. Marlys alikuwa amevaa koti lake, lililotobolewa na nondo mabegani, na S mpya kifuani. Analia, anacheka, hajui aanze na lipi. Tuliimba wimbo wa chuo mpaka sauti zikakauka. Umeshinda, Mama.

Unakumbukwa na mumeo Orville. Wanao Solveig na Nels. Dada yako Inga. Wajukuu zako watano. Na wachezaji wako, kila mmoja na herufi yake. Katika nyumba hii jina lako halitanyamaza.

Tumeichapa kumbukumbu hii kwa taipureta yako, nakala mbili, kaboni katikati. Moja ni ya gazeti. Nyingine amepewa Joyce, aifungulie sanduku la arobaini na nne. Hukumwangusha mtu, Mama. Usije ukasema hukuambiwa.