Sehemu Yako ya Shamba

Nandagala, Ruangwa, 1950

Kwa Baba Mwanaima,

Salamu hizi zikukute huko Nachingwea kabla trekta hazijaanza kunguruma. Sisi wazima. Mwanao ameota meno, na ufuta umechanua; nikipita naye katikati naona kama tunatembea ndani ya wingu.

Unauliza kama uache kibarua ukasomee umakanika miaka miwili. Mshahara utakatika, na mtoto atasahau sura yako. Lakini hizo karanga za Wazungu mnazolima huko zikishindwa, vibarua watarudi mikono mitupu, fundi hatakosa kazi. Nimekuota unafungua injini, Mwanaima amekushikia spana.

Ila mjomba wangu amekasirika kusikia hayo. "Mkwe asiyelima shamba la mama mkwe ameacha mke," alisema. "Nitamwoza Mwamina mume mwingine!"

Basi leo nimepalilia sehemu yako ya shamba la mama, mtoto mgongoni. Mjomba akatokea.

"Unamlimia nani?"

"Mume wangu, mjomba."

Akaninyang'anya jembe, nikajua ananifukuza. Kumbe aliona mpini umelegea. Akaukaza, akanirudishia.

"Mwambie asome kweli, asiende kucheza huko," akasema.

Nenda, mume wangu.

Mkeo anayekulimia,
Mwamina