Dada Koku na Ukurasa wa Boti za Goziba

Dada yangu Koku,

Mvua zimeanza huku Nshamba, na upepo wa ziwani unatikisa migomba ya Ma, mama yetu. Siku kama hizi simu yako kule Bukoba ilikuwa haipumziki. Ma alikuwa anapiga kuuliza kama kaka yetu Deo, mnunuzi wa dagaa, amefika salama kisiwani Goziba. Wewe unampigia mtu wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, humpati, Ma anapiga tena.

Ndipo ulipotengeneza ule ukurasa wa kwanza kwenye mtandao: jina la boti, saa ya kuondoka, imefika au bado. Ila kila badiliko ulilazimika kuliandika mwenyewe, na kazini kwako, kwenye duka la uchapaji, nafasi haikupatikana kila mara. Siku moja Ma akasoma kwamba boti ya Deo imefika, akamshukuru Mungu, kumbe ilikuwa habari ya jana.

"Koku," alikuambia, "mtandao wako unanifariji kwa maneno yaliyochacha."

Hukukasirika. Ulisema, "Ma ana haki," ukaanza kujifunza kuandika programu za kwenye seva, ile kompyuta inayohudumia kurasa za mtandao. Nilikuwa naishi nawe. Niliuona ukurasa ukikugeukia mweupe mtupu kwa sababu ya nukta-mkato moja uliyoisahau, nawe ukicheka peke yako huku ukiitafuta.

Nilipokuuliza tofauti iko wapi, ulinieleza hivi: "Ukurasa wa zamani ni kama kalenda ukutani. Kila anayekuja anakuta kilekile. Huu mpya ni kama kumwuliza mtu aliyesimama mwaloni. Ukimwuliza, anageuka, anatazama ziwani, ndipo anakujibu." Mtu huyo ni programu iliyo kwenye seva, na anachokitazama ni hifadhidata, mahali taarifa zinapotunzwa. Ma akifungua ukurasa, ombi lake linakwenda kwenye seva. Programu inasoma taarifa za wakati ule, inamtungia ukurasa hapohapo, na simu yake inapokea jibu lililokamilika. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, sijakuta kilichoeleza vizuri zaidi.

Karani wa mwaloni huku bara akawa anaingiza boti zinazoondoka, na Masanja, mvuvi kutoka Sengerema mwenye kambi Goziba, anaingiza zinazofika. Ukaweka ulinzi: programu ikatae boti yenye saa ya kufika iliyotangulia ya kuondoka. "Si kwamba siwaamini," ulisema. "Vidole vyenye baridi vinakosea. Kila kinachoingia kikaguliwe kwanza." Kisha ukaongeza jambo moja. Boti ikipitiliza muda wake bila kuandikwa kuwa imefika, mstari wake ugeuke mwekundu wenyewe.

Mchana ule wa upepo, Ma ndiye aliyeuona kwanza. Alipiga simu kwa sauti ndogo sana. "Boti ya Deo ni nyekundu."

Ulimpigia Masanja papo hapo. Yeye alidhani boti imeahirisha safari kwa sababu ya upepo. "Imeondoka," ulimwambia. "Tafadhali nendeni mkaitafute." Masanja na wenzake wakatoka. Waliikuta injini imezima, maji yameingia, na watu wanayachota kwa ndoo, Deo akiwa miongoni mwao. Wote walirudi hai.

Jumapili iliyofuata tulikwenda nyumbani. Ma alikushika mikono nje ya kanisa, mbele ya watu. "Kasinge, mwana wange," alisema kwa Kihaya, yaani asante, mwanangu. Wewe ukainamisha kichwa, ukasema wa kushukuriwa ni Masanja.

Mwaka uliofuata uliugua, ukatuacha. Sasa nafundisha kompyuta Kamachumu, na ukurasa wako nautunza mimi. Kwa muda mrefu sikubadilisha hata herufi moja. Nilikuwa nikiisoma ile programu kama wengine wanavyotazama picha ya marehemu wao.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu, Anitha, aligundua kosa. Boti ikiondoka leo usiku na kufika alfajiri ya kesho, programu inaikataa, kwa kuwa inalinganisha saa tu na kusahau tarehe.

"Mwalimu, naweza kurekebisha?"

Nilimpisha kwenye kiti. Alisoma mistari yako polepole, binti ambaye hakuwahi kukuona, na hakuniuliza hata swali moja. Kila kitu ulikuwa umekiita kwa jina lake, kila hatua umeipanga mahali pake, na palipokuwa pagumu umeacha maelezo mafupi kwa Kiswahili. Nilisimama nyuma yake nikiona fahari ambayo sijui niiite nini. Uliandika ukijua kwamba atakuja mwingine baada yako, na kwamba atakuwa na haki ya kukusahihisha.

Alipomaliza tukaijaribu, ikakubali. Chini ya maelezo yako akaandika ya kwake.

Pumzika kwa amani, dada. Naamini wewe na Anitha mngependana sana.

Mdogo wako uliyemlea