Mlango wa Gereji Umekwama

Baba Kavata,

Isyo iko kwa sufuria, kula kwanza. Usiguse mlango wa gereji.

Ulipoenda Kasikeu kutafuta boliti zilizobaki za mlango, mama yako alishindwa kupumua. Nikabonyeza swichi ya ile mota uliyofunga mwenyewe. Mlango ukapanda kidogo, mnyororo ukatoka, ukakwama, gari ikiwa ndani. Mimi na Kavata tulivuta mpaka mikono ikatoka damu. Mama akasema polepole, “Msimkasirikie mtoto wangu. Alitaka kutusaidia.”

Mimi nimekasirika. Nilikwambia uite fundi.

Jirani yetu Mutie ameleta pikapu, tunaenda hospitali ya Machakos. Mama hajibu tena nikimwita.

~~Njoo haraka.~~ Pitia kwa dada yako kwanza, mje pamoja. Usije peke yako.

Mama Kavata