Karanga za Mwanahawa

Jumatatu, 7 Julai

Naliomba radhi daftari hili. Halijapata neno tangu Aprili. Mke wangu, Mwanahawa, alilazwa mjini kwa presha, na tangu tumrudishe nyumbani Kinole sikuwa na moyo wa kuandika.

Leo saa nne nimempa karanga zake kama kawaida. Kiganja kimoja, zimekaangwa bila chumvi. Muuguzi alieleza vizuri: mafuta ya karanga ni mema kwa moyo, na mtu aliyekonda hupata nguvu bila kumaliza sahani nzima. Chumvi ndiyo marufuku. Nimebandika ratiba ukutani. Nilifundisha miaka thelathini na minne. Najua kusimamia ratiba.

Jumatano, 9 Julai

Zahanati. Kilo arobaini na sita. Mwezi uliopita alikuwa na arobaini na nane. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Binti yetu Rukia amepiga simu kutoka Msamvu, mjini. Uzito ukishuka tena, atakuja kumchukua mama yake akaishi kwake, karibu na hospitali. Nilimjibu kwa ukali. Kisha nikaketi barazani peke yangu.

Naogopa. Nyumba hii na shamba ni vya ukoo wa Mwanahawa. Nilikuja hapa nikiwa mume, miaka arobaini iliyopita. Bila yeye mimi ni mgeni tu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeongeza. Viganja viwili. Anapokea, anashukuru, anahamishia kigoda nyuma ya nyumba ili aote jua. Hakuna jua. Manyunyu tangu asubuhi.

Kuku wetu wamenenepa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimejua. Nilikwenda nyuma kuchukua kuni, nikamkuta anawamwagia kuku karanga. Nyingine alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga. Nilipandisha sauti, kama kwa mwanafunzi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu:

"Mwalimu, magego yangu yamekwisha. Umenipangia saa, hukuniuliza kama nina cha kutafunia."

Mimi hula barazani, yeye hula jikoni. Ndiyo desturi tuliyoikuta. Kumbe kwa miaka mingi sijamwona mke wangu akitafuna.

Aibu kubwa.

Jumanne, 15 Julai

Nimetwanga. Kinu kilikuwa cha mama yake. Nilichambua kwanza, nikatupa zote zenye kuvu. Hizo ni sumu, hata kuku hawapewi. Mikono iliyozoea chaki imetoka malengelenge.

Jirani yetu Bi Asha alisimama uani akacheka hadi akashika kiuno. Akauliza Mwalimu ameolewa lini. Nilimjibu kwamba zamani, ila kazi za ukweni ndiyo nazianza leo.

Unga wa karanga nimeukoroga kwenye uji wa ulezi, mwingine nimeungia mchicha. Nikachukua kigoda changu nikaingia jikoni. Tumekula pamoja. Yeye hutafunia meno ya mbele, polepole, akifumba jicho moja. Sikulijua hilo.

Jumapili, 20 Julai

Ameomba aongezewe uji. Mwenyewe, bila kulazimishwa. Nilitokwa na machozi nikasingizia moshi. Hakuamini.

Jumatatu, 28 Julai

Karanga zimekwisha. Nimeteremka hadi Mlali kutafuta za msimu huu. Muuzaji alisifu zilizotiwa chumvi. Nikamwambia mgonjwa wangu ana masharti. Magoti yanauma. Niliporudi nilimkuta amekaa karibu na kinu, ameniandalia ungo.

Ijumaa, 8 Agosti

Kilo arobaini na saba. Presha imetulia, dawa ziendelee, karanga pia.

Rukia alikuwepo. Amefurahi, lakini bado anataka kumchukua. Anasema masika yakija barabara ya mlimani haipitiki, na mgonjwa hangoji tope likauke. Ana hoja. Nimemwambia hivyo, akanitazama kana kwamba amekosea baba.

Zamani ningekuwa nimekwisha kuamua kabla ya chai. Leo nimemuuliza Mwanahawa anataka nini. Akasema ataka kufikiri.

Basi anafikiri. Nimebandua ratiba ukutani. Nimetwanga za kesho na keshokutwa.

Atakapoamua, nitaliandika hapa neno lake kama atakavyolisema, bila kulisahihisha.